Damu kichwani na hajaanguka, inakuwaje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, kichwa kinamuuma kila akisimama, akilala kinapoa. CT skani imeonyesha damu imevilia juu ya ubongo pande zote mbili na hajapata ajali yoyote. Huku nyumbani washaanza kusema mumewe kampiga, yeye anakataa. Tangu mdogo akiguswa tu anapata alama za kuvilia damu, na mabega yalikuwa yanateguka ovyo. Damu inaweza kuvuja yenyewe kweli? Dada mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba. Inawezekana kabisa, na hilo la mabega hakikisheni dokta wake analisikia. Kuna watu wanazaliwa na hitilafu kwenye nyuzi zinazoushikilia mwili, kolajeni na nyinginezo, ndo zinaipa uimara ngozi, maungio, mishipa ya damu, mpaka utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Magonjwa yenyewe ni kama Ehlers-Danlos, Marfan na Loeys-Dietz.

Kwa hilo la kusimama na kulala mimi nawaza utando wa mgongoni umechanika mahali, maji yanayouelesha ubongo yanavuja, ubongo unashuka na unavuta vile vishipa vya juu yake mpaka vinachanika, ndo hiyo damu. Sasa wakiitoa hiyo damu bila kutafuta panapovuja maji inaweza kujaa tena, kwa hiyo ulizeni MRI ya kichwa na mgongo. Tiba mojawapo anatolewa damu yake mwenyewe mkononi, anachomwa hiyo hiyo mgongoni nje kidogo ya utando, inaganda inaziba tundu.

Njia nyingine ni mbaya zaidi, ukuta wa mshipa wa kichwani unatuna kama puto halafu unapasuka. Inatokea kwa wenye Loeys-Dietz na wenye ile Ehlers-Danlos ya mishipa, inayoletwa na hitilafu ya jeni ya COL3A1, hao wengi ngozi yao ni nyembamba mpaka mishipa ya kifuani unaiona, na wanavilia damu kirahisi kama mdogo wako. Waambieni madaktari mapema, kabla hawajampitishia mrija kwenye mshipa manake unaweza kuchanika, na kabla hajabeba mimba kwa sababu hata kizazi kinaweza kupasuka. Aspirini na diklofenaki asijinunulie. Kichwa kikimpiga ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, shingo ikakakamaa, anatapika, hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu shemeji, aulizwe peke yake faraghani, manake kipigo nacho kinaacha damu hivi hivi na wanawake wengi wanaficha. Ila kama hamna kitu, na alama anazo toka utotoni, tafadhali msimhukumu mtu kwa picha ya CT skani.

Apimwe na moyo kwa ultrasaundi, waangalie mshipa mkuu. Na wewe pia ukacheki, mengi ya haya magonjwa mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.