Kabla Hamjaisugua Arisaka: Maneno kwa Wathamini Wapya

Wadogo zangu mnaoanza kuthamini silaha za kale katika minada ya hapa Marekani, juzi nilimkuta mmoja wenu akiisugua kwa sufi ya chuma bunduki ya Kijapani ya Aina ya 99 iliyotengenezwa Nagoya, huku bolti tatu (komeo za chuma zinazofunga risasi ndani ya bunduki) za bunduki tofauti zikiwa zimelazwa juu ya taulo moja. Sufi nilimnyang'anya papo hapo. Kuhusu zile bolti nilinyamaza kwanza, kwa sababu mimi na bolti zilizolala pamoja tuna historia yetu. Arisaka, yaani bunduki hizo za jeshi la Japani, nyingi zilinusurika vitani, zikavuka bahari, zikakaa darini kwa miongo kadhaa, kisha zikaja kuharibikia juu ya meza zetu wenyewe.

1. Anzeni na ua. Krisanthemu ya petali 16 iliyochongwa juu ya chemba, pale risasi inapokaa, ni alama ya mfalme wa Japani. Bunduki nyingi zilizokabidhiwa baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945 zilisagwa ua hilo, na lililobaki zima mara nyingi huashiria kwamba silaha ilitekwa kabla ya hapo. Kwa hiyo bei hupanda, na kwa hiyo pia wapo mafundi wanaolichonga upya. Pitisheni ncha ya kidole: chuma kilichowahi kusagwa hupoteza mviringo wake, na ua lililochongwa juu ya ubapa haliwezi kuurudisha. Chini ya ua, someni maandishi kutoka juu kwenda chini. Mistari mitatu inayofuatwa na mistari miwili iliyoachana ni Aina ya 38, ile ya mwaka 1905 inayotumia risasi ya milimita 6.5; alama moja iliyorudiwa mara mbili ni Aina ya 99, ya milimita 7.7. Anayesahau na ahesabu matundu ya kutolea gesi juu ya chemba: Aina ya 38 ina mawili, Aina ya 99 ina moja.

2. Herufi iliyomo ndani ya duara, kabla ya namba ya bunduki, hutaja kundi, na kila kundi lilibeba bunduki 100,000. Mpangilio wake unafuata shairi la kale la Kijapani liitwalo iroha, si mpangilio wa herufi anaofundishwa mtoto wa Kijapani leo, kwa hiyo acheni kukadiria umri wa bunduki kwa kutumia chati ya wanafunzi. Aidha, kukosekana kwa herufi si lazima kuwe ushahidi kwamba imefutwa, kwa maana bunduki za mwanzo hazikuwa nayo kabisa. Nimeshasoma maelezo ya katalogi yaliyomtuhumu mwenye mali kwa kufuta herufi ambayo haikuwahi kuwapo, na barua iliyokuja baadaye haikuwa ya salamu.

3. Bolti moja, meza moja. Tarakimu tatu za mwisho za namba ya bunduki hugongwa kwenye bolti, chini ya shina la mkono wake. Sehemu ndogo ndogo, kama kivutaganda na pini, katika baadhi ya karakana hubeba namba za kuunganishia ambazo hazifanani na namba ya bunduki bali hufanana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo msikimbilie kuandika kwamba hazilingani. Hayo niliyajua vizuri siku familia moja ilipotuletea Aina ya 99 mbili za marehemu baba yao. Ya kwanza ilikuwa na ua zima, kifuniko cha vumbi, kiegemeo cha waya cha kusimamishia bunduki, mbawa za kulengea ndege kwenye kilengeo cha nyuma, pamoja na karatasi ya jeshi iliyomruhusu mzee kurudi nayo nyumbani. Ya pili ilikuwa imesagwa ua na haikuwa na cha kujivunia. Nilizikagua zote mbili, nikaandika katika katalogi kwamba namba za ile ya kwanza zinalingana zote, na maneno hayo yalikuwa kweli nilipoyaandika. Kisha nikaona ni uungwana kuzisafisha. Nilizitoa bolti zote mbili, nikazipaka mafuta, nikaitwa kwenye simu, nikarudi, nikazirudisha. Zikaingia bila ubishi wowote, kama viatu vya mwenzio unavyovivaa kwa haraka mlangoni pa msikiti na kugundua ukiwa nyumbani. Mimi sikugundua hata nilipofika nyumbani. Aliyegundua ni mnunuzi, mzee mmoja mkusanyaji mwenye mikono iliyotulia, ambaye alikuja kuchukua bunduki yake, akafungua bolti, akaigeuza chini juu, akasoma zile tarakimu tatu, kisha akaiweka mbele yangu bila kusema neno. Ile ya pili ilikuwa imekwisha kuuzwa katika jimbo jingine, na mwenye nayo alijibu, kwa adabu kabisa, kwamba ameshaiuza kwa mtu asiyemkumbuka jina. Tulirudisha fedha. Bunduki iliuzwa tena kwa bei ya chini, ikiwa na karatasi ya mzee na bolti isiyokuwa yake, na nilimpigia binti wa marehemu mwenyewe kumweleza, kwa sababu mkuu wangu alikataa kunifanyia kazi hiyo. Kilichoninyima usingizi zaidi ni kwamba bunduki mbili zilikuwa zimeingia mikononi mwa watu zikiwa na bolti ngeni, na hakuna aliyepima kama zinashika vyema sehemu ya nyuma ya risasi. Sasa mnaelewa nilivyolitazama lile taulo.

4. Si kila kinachoonekana kibovu ni kibovu. Mstari mrefu kwenye kitako si ufa: Wajapani waliunga kitako kwa vipande viwili vya mbao, na mteja akija na gundi, mnyang'anyeni. Bamba la kitako la mbao, kirungu cha bolti chenye umbo la silinda, kilengeo kisichorekebishika na alama za tupa kila mahali ni sura halali ya Aina ya 99 za mwisho wa vita, ambazo wapo wanaozitafuta hasa kwa ukorofi huo. Mbao iliyokatwa chini ya pete ya mtutu mara nyingi ni kazi ya askari wa Kimarekani aliyetaka ienee katika mfuko wake wa safari. Hupunguza bei, lakini nayo ni sehemu ya safari yake, basi itajeni bila kuificha.

5. Tazameni ndani ya mtutu kwa taa kabla ya kutaja bei. Mtutu usio na mifereji ya kuzungusha risasi huenda ni wa bunduki ya mazoezi, iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi za bandia tu; angalieni ulimi wa chuma ulio nyuma ya mwili wa bunduki, kwani wa bunduki halisi ni kipande kinachojitegemea, ilhali wa ile ya mazoezi mara nyingi umesubuliwa pamoja na mwili. Bunduki hiyo huuzwa kwa maandishi makubwa kwamba isifyatuliwe kamwe. Na kwa kuwa baada ya vita risasi za Kijapani zilikuwa adimu, mafundi wengi walizitanua chemba: Aina ya 38 ziligeuzwa zitumie ganda la risasi ya Kimarekani ya .257 Roberts lililopanuliwa shingo, na Aina ya 99 zikageuzwa kuwa za risasi ya Kimarekani ya .30-06, ambayo ganda lake ni refu kuliko la Kijapani kwa takriban milimita 5. Alama za nje hazitawaambia hilo daima. Mimineni kalibu ya chemba, yaani nakala ya umbo lake la ndani, ipimeni, andikeni vipimo kwenye kadi ya bunduki hiyo hiyo, na kadi ifungwe kwa uzi kwenye kilinzi cha kifyatulio kabla hamjaigusa bunduki ya pili.