Jibu: Pete Gray mbona ana msimu mmoja tu?

Salama mkuu. Umeuliza kama rekodi za Pete Gray, mchezaji wa besiboli wa Marekani, zimepotea, maana unaona 1945 tu pale St. Louis Browns, timu ya ligi kuu. Hazijapotea. Anza na ligi za chini: 1944 alikuwa Memphis, wastani wa kupiga mpira .333 (yaani mapigo safi 333 kwa kila majaribio 1,000), akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Kwa mkono mmoja, jamani! Akidaka, anabana glavu kwapani upande wa mkono uliokatwa, anauchomoa mpira, anautupa.

Browns walimchukua wakati wachezaji wengi wako kwenye Vita Kuu ya Pili. Mechi 77, wastani .218. Warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, walishamsoma: akianza kuzungusha gongo hawezi kulizuia, basi wanamlisha mipira ya kupinda. Vita ilipoisha, wenye namba zao wakarudi. Mwaka 1946 mtafute Toledo, huko huko ligi za chini.