Tarumbeta zikiimeza kwaya

Mwalimu mmoja wa kwaya huko Tukuyu ameandika: kanisa limepata tarumbeta mbili na tromboni mbili, na tangu hapo washarika hawasikii maneno ya wimbo. Anauliza anunue spika ya ukubwa gani. Mwalimu, hela ya spika iache. Zipangie tarumbeta muda wa kunyamaza.

Kosa la wengi ni kuipa tarumbeta sauti ya soprano mwanzo mpaka mwisho. Maneno yanafunikwa, midomo ya mpigaji inachoka, na ikifika ubeti wa nne noti za juu zinapasuka. Ubeti wa kwanza uwe wa waimbaji na kinanda tu. Wa pili, tromboni zishike noti ndefu pamoja na sauti za tenori na besi, taratibu. Tarumbeta ziingie pale waimbaji wanapovuta pumzi, vipande vya mapigo mawili matatu, zije zifunguke kwenye kiitikio cha mwisho. Huku chini usibananishe noti: besi akiwa Do ya chini, tromboni ikae So au Do ya juu yake. Ukiiweka Mi, utapata mngurumo.

Tarumbeta ya B bemoli hutoa sauti toni moja chini ya ilivyoandikwa. Do ikiwa C kwenye kinanda, tarumbeta iandikie D; saksafoni alto, kama mnayo, A; tromboni, C ileile. Ila uliza kwanza: waliofundishwa kwa mtindo wa bendi za makanisa ya Kijerumani husoma noti za kitabu cha nyimbo kama zilivyo. Hao ukiwabadilishia noti, umewaharibia.

Halafu kuna baridi ya Juni na Julai. Hewa baridi ndani ya bomba hushusha sauti, kinanda cha umeme hakishuki. Wapigaji wapulize pumzi ya moto ndani ya vyombo bila kuvitoa sauti, dakika kadhaa, ndipo walinganishe na kinanda. Mahubiri yakirefuka vyombo hupoa tena, warudie.

Kamati za harusi zinaugua ugonjwa huohuo. MC, DJ na matarumbeta wote wamelipwa, kwa hiyo wote wanataka kusikika. Ratiba inaonyesha nani anaanza saa ngapi. Nani anyamaze, haisemi. Ongeza safu hiyo. (Akina mama wa vigelegele waacheni, hawajawahi kukosea.) Matarumbeta yakifika mlangoni, DJ awe ameshazima, kwa ishara ya mtu mmoja, si wanakamati watano wanaopunga mikono. MC asishike kipaza sauti mpaka maharusi wakae.