Umepewa meza kwenye tamasha la utafiti? Punguza bango

Chuo kikitangaza tamasha la utafiti, yaani siku ya watafiti kuwaonyesha wananchi kazi zao mezani, hakosi mtafiti chipukizi wa kunifuata na swali lilelile: bango langu liwe na ukubwa gani? Jibu langu huwa halimfurahishi. Mgeni wa siku ile hakuja kusoma. Amekuja na watoto, mmoja anataka kwenda chooni, na meza ya pili kuna roboti anayecheza mpira. Bango lako atalisoma mtu mmoja tu kwa makini, naye ni mtafiti wa meza ya jirani aliyekosa wageni.

Kinachomsimamisha mtu ni kupewa kazi ya mikono. Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyefungua jumba la Exploratorium mjini San Francisco mwaka 1969, alilijenga lote juu ya wazo hilo: mgeni ashike, azungushe, aone kinachotokea, maelezo yafuate. Kuwasaidia wageni ukumbini aliwaweka vijana wa sekondari. Wazo hilo la pili nalo nimeliiga bila aibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeelekezwa vizuri humshinda profesa mezani, kwa sababu bado anakumbuka jinsi kutoelewa kulivyo.

Chukua zoezi la kutoa DNA, ile kemikali ya ndani ya seli inayobeba maelekezo ya urithi, kwenye stroberi. Limezoeleka mno kwenye matamasha, lakini bado halijanichosha. Mtoto anaiponda stroberi ndani ya mfuko wa plastiki, anatia maji yenye chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, anachuja, kisha anamimina spiriti baridi taratibu ukutani mwa bomba la kioo ili ielee juu. Sabuni imeshavunja utando wa seli. DNA haiyeyuki kwenye spiriti, kwa hiyo pale vimiminika viwili vinapokutana zinaanza kujitokeza nyuzi nyeupe zinazovutika kama makamasi. Mpe mtoto kijiti azizungushe. Ikitokea akasema "kumbe!", nyamaza. Usimwahi na maelezo. Mwache aangalie mpaka yeye mwenyewe aulize. Na stroberi haikuchaguliwa kwa uzuri wake: ile ya bustanini ina seti 8 za kromosomu (vifurushi vya DNA) katika kila seli, wakati seli nyingi za mwilini mwetu zina 2. Ndiyo maana nyuzi zinatoka nyingi za kuonekana kwa macho.

Sasa hapa ndipo meza nyingi zinapopotea njia. Zoezi linapendeza, watoto wanapanga foleni, na mwisho wa siku hakuna aliyejua nyinyi mnatafiti nini. Zoezi lazima liishie kwenye swali lenu. Ukiwa unachunguza magonjwa ya mimea, mwambie mgeni kwamba nyuzi za namna hii ndizo mnazozisoma ili mjue kwa nini mmea mmoja unaugua na wa pembeni yake unapona. Sentensi mbili zinatosha. Usiposikia swali kutoka kwake, mwache aende zake, hakukuapia kitu.

Walio kwenye historia, sheria au isimu huniambia, "Sisi hatuna cha kupondaponda." Si kweli. Mpe mgeni barua mbili zinazosimulia tukio moja kwa namna zinazopingana, umwombe aamue amwamini nani na kwa nini. Utaona mume na mke wakibishana mbele yako huku wewe umekaa kimya, na hapo wanafanya kazi ya mwanahistoria bila kuambiwa. Au wasikilizishe sauti za watu watano wakisema sentensi moja, wakisie kila mmoja amekulia wapi. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa na matamasha mawili, moja la sayansi na jingine la fikra na sanaa, na tangu mwaka 2021 kinafanya moja la pamoja. Naona walifanya vyema. Mgeni hajali idara yako iko jengo gani.

Namna ya kumkaribisha mtu nayo ina mambo yake. Ukimuuliza "Unajua protini ni nini?" umemrudisha darasani, na mtu mzima aliyechukia shule atatabasamu na kupita. Muulize lisilo na jibu la kukosea: "Unadhani nikimimina hii kitatokea nini?" Akikisia vibaya ndiyo raha yenyewe inaanza. Zungumza na mtoto, lakini sauti ifike nyuma. Mzazi anayejifanya anaangalia simu anasikiliza kila neno, na mara nyingi swali zuri kuliko yote hutoka kwake akiona mtoto keshaondoka.

Kwenye mihadhara sitakaa sana, kwa kuwa kanuni ni ileile: onyesha. Michael Faraday, mwanasayansi aliyeanzisha mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London, mwaka 1825, alitoa mfululizo mzima kuhusu mshumaa, mwaka 1848 na tena 1860. Mshumaa tu! Jaribu hili mwenyewe: uzime, halafu haraka sogeza kiberiti kinachowaka kwenye moshi mweupe unaopanda. Moto utaruka kuteremka mpaka kwenye utambi bila kiberiti kuugusa, kwa sababu moshi ule ni mvuke wa nta, na mvuke ndio unaoungua. Anza mhadhara hivyo na hutahitaji kuomba utulivu. (Ila mshumaa na spiriti ya stroberi zisikae meza moja. Nasema hili kwa sababu nimewahi kuona ramani ya ukumbi iliyozipanga hivyo.)

Maswali magumu yatakuja tu. "Dawa itapatikana lini?" "Hii pesa si ingejenga barabara?" Usizunguke mbuyu. Kama utafiti wako uko hatua za mwanzo, sema uko hatua za mwanzo, na ueleze kinachokosekana. Watu wanavumilia "bado hatujui" kuliko tunavyodhani. Wasichovumilia ni kuahidiwa tiba kila mwaka. La pesa lijibu bila kununa: nani anafadhili, inatumika kwenye nini. Mtu huyo ana haki ya kuuliza.

Vitu vidogo nitavitaja harakaharaka. Beba vifaa zaidi ya unavyodhani vitatosha, maana adhuhuri ndipo vinapoisha. Waya wa kurefushia umeme, tepu, vitambaa vya kufutia, mfuko wa taka. Meza moja iwe fupi, mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu wafikie. Picha za washiriki wa utafiti wako usiziweke mezani kama hawakuridhia zionyeshwe hadharani. Pangeni zamu, na mwenye zamu ya mapumziko aondoke kabisa. Akibaki pembeni na chai yake, wageni watamfuata hapohapo. Kalamu za bure zenye nembo ya idara, binafsi sizipendi: zinaleta foleni ya watu waliokuja kuchukua kalamu.

Mwisho, weka daftari mezani na yeyote aliye zamu aandike maswali ya wageni kama yalivyoulizwa, bila kuyarembesha. Wiki inayofuata yasomeni kwenye kikao cha maabara. Mengi yatakuwa na majibu tayari. Machache yatawanyamazisha wote chumbani, hata yule mkubwa wenu, na hayo yaandikeni ubaoni.