MASWALI YENU: Zahanati ya nini wakati hospitali kubwa ipo?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka kitu kimoja, wakubwa wanakiita mageuzi ya huduma ya afya ya msingi, mi nitasema tu habari ya zahanati na kituo cha afya. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeijibu kirefu maana imenigusa.

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 71, ana presha, ana sukari, na sasa macho nayo yameanza. Kila ugonjwa una siku yake ya kliniki na daktari wake, na kila tukifika anaulizwa upya "mzee unasumbuliwa na nini" kana kwamba hajawahi kukanyaga pale. Juzi ndo nagundua kuna dawa kaandikiwa na madaktari wawili, maboksi tofauti dawa ileile, mzee anameza zote. Watu wanasema bora tungeanzia zahanati, lakini kule si ni kwa ajili ya mafua na chanjo za watoto? (Binti wa Mzee)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza la haraka: usimkatishie mzee dawa kwa kubahatisha, chukua mfuko, tia humo dawa zake ZOTE, hata zile za kuambiwa na jirani, mpeleke kwa daktari au mfamasia mmoja azipitie kwa pamoja. Fanya leo, usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa swali lenyewe. Hapo kwenu presha ina kliniki, sukari ina kliniki, macho yana kliniki, asiye na kliniki ni mzee. Hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kumjua yeye mzima mzima. Kuna daktari mmoja wa Marekani, marehemu Barbara Starfield, alitumia miaka mingi kupima jambo hili, na kwake huduma ya msingi iliyo sawasawa ina mambo manne: ndo mlango wa kwanza unaobisha, wanakuwa na wewe miaka na miaka, shida zako nyingi wanazimaliza wenyewe, na wakikupeleka kwa bingwa wanafuatilia alichosema huko. Mzee wako anakosa yote manne, ila hilo la pili watu wanalidharau sana. Norway kila mkazi ana haki ya kuwa na daktari wake anayejulikana, na watafiti walipoangalia rekodi za watu zaidi ya milioni 4 wakakuta waliodumu na daktari yuleyule zaidi ya miaka 15 uwezekano wao wa kulazwa kwa dharura ulikuwa chini kwa kama asilimia 28 hivi, na wa kufa kwa asilimia 25, ukiwalinganisha na waliokuwa na daktari wao mwaka mmoja tu. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kuwa kuzoeana ndo kulikowaokoa, lakini mi nimeshika wagonjwa miaka mingi na wala haunishangazi, mtu unayemjua ukimwona tu anavyoingia mlangoni unajua leo hayuko sawa.

Nchi zilizofanikiwa hazikuanza na majengo, zilianza na rejesta, yaani orodha ya majina ya watu wote wa eneo, wazima na wagonjwa. Brazil mwaka 1994 walianza kuunda timu za afya ya familia, daktari, nesi, nesi msaidizi na wahudumu wa afya ya jamii, kila timu ikapewa eneo lake lenye watu elfu 3 au 4 hivi, na mhudumu anapita nyumba kwa nyumba hata kama hakuna anayeumwa. Costa Rica nao miaka hiyohiyo ya 90 wakafanya ya kwao, wakaongeza na mtu wa kumbukumbu, yaani karani wa kutunza mafaili ya watu. Sasa ona tofauti: kituo cha kawaida kinamjua aliyekuja, ila kituo chenye rejesta kinamjua AMBAYE HAJAJA, yaani wanaona mzee fulani wa sukari ana miezi minne hajatokea, mtu anatumwa kwenda kugonga mlango. Dawa zilizojirudia zinakamatwa hapohapo, tena na mhudumu tu aliyekaa mkekani akaomba kuziona.

Kwa hiyo kama kituo cha karibu kina mganga anayekaa, kipimo cha presha kinachofanya kazi na dawa zisizokatika, hamishia hapo presha na sukari, macho yabaki kwa bingwa ila dai barua ya majibu irudi kituoni. Kama havipo, mpeleke hospitali na asikulaumu mtu. Kuna wanaofikiri mageuzi ni kumlazimisha mgonjwa aanzie chini huku chini hamna kitu, hiyo mi naiita adhabu.

SWALI: Dokta mi ni nesi. Kituo chetu kimepigwa rangi na sasa tunapewa posho kwa kufikia malengo, tunajaza fomu mpaka usiku na tuko wawili tu. Haya ndo mageuzi? (Nesi Mchovu)

JIBU: Rangi nzuri dada, lakini hapana. Pesa ikilipwa kwa kila huduma, huduma zinaongezeka hata zisizohitajika. Ikilipwa kwa kichwa, yaani kiasi fulani kwa kila aliyeandikishwa, kituo kinapata hamu ya kumkinga mtu asiugue, ila wajanja wanawakwepa wagonjwa wagumu. Ikilipwa kwa malengo, kinachohesabiwa kinafanyika na kisichohesabiwa kinalala, na kumsikiliza mtu hakuna fomu yake. Uingereza mwaka 2004 walianza kuwalipa madaktari wa familia kwa alama, vigezo 146, baadaye wakavipunguza, na Scotland mwaka 2016 wakaufuta kabisa mpango huo. Nchi nyingi zinachanganya njia hizi, sehemu kubwa kwa kichwa na kidogo kwa malengo, mi naona ndo afadhali. Ila manesi wawili ni wawili, hakuna mtindo wa malipo utakaowafanya wawe watano. Anzeni kudai mtu wa kumbukumbu kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI: Hii ahadi si ilitolewa tangu enzi za wazazi wetu? (Kijana Asiyeamini)

JIBU: Ilitolewa kweli. Kwenye mkutano wa Alma-Ata, mji ulioko Kazakhstan, Septemba 1978, nchi 134 zikakubaliana afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Haukupita hata mwaka na nusu wakatokea waliosema ni ghali, tuchague vichache kwanza, chanjo, maji ya chumvi na sukari kwa kuharisha, kunyonyesha. Watoto wengi sana waliokolewa, hilo silibezi hata kidogo, lakini zahanati ikabaki ya watoto na wajawazito, ndo maana hadi leo Binti wa Mzee anaona si mahali pa baba yake. Mwaka 2018 wakakutana tena nchi ileile ya Kazakhstan, safari hii Astana, wakaahidi upya. We akija mgombea kuahidi zahanati mpya usimuulize ina vyumba vingapi. Muulize timu itakayokaa humo itapewa watu wangapi, majina yao yataandikwa wapi, na nani atakwenda kumtafuta asiyekuja.