Gari imekaa miaka miwili bila kuwashwa, nianzie wapi?

Swali: Habari fundi, nina gari ya petroli ya injekta, nilisafiri ikakaa ndani kama miaka miwili haijawashwa. Betri imekufa kabisa. Jamaa yangu anasema nibusti tu nipige starta itawaka, ni sawa?

Jibu: Salama ndugu. Kuwaka inaweza kuwaka ila usiharakie ufunguo, maana kwa muda wote huo oili ishashuka yote chini kwenye sampo (beseni la oili chini ya injini), huko juu kwenye silinda pamekauka na pengine ringi za pistoni zimeanza kushika kutu, sasa ukiwasha hivyo hivyo chuma kinasugua chuma mpaka oili ifike na hapo ndo injini inapoumia.

Kwanza fungua boneti na eya klina uangalie panya, wanapenda sana kulala humo na kutafuna waya. Chomoa kijiti cha oili, ukiona imekuwa kama maziwa basi kuna maji, simama hapo hapo uite fundi. Kama iko sawa mi bado ningemwaga na kuweka mpya pamoja na filta.

Alafu toa plagi zote, kila tundu weka oili safi kama kijiko cha chai, acha ilale usiku mzima. Asubuhi shika nati ya puli ya krenki (lile gurudumu la mkanda chini mbele ya injini) na spana ndefu, zungusha injini kwa mkono taratibu kwa upande wake wa kawaida, izunguke raundi mbili nzima. Ikigoma usilazimishe na starta hata kidogo.

Petroli ndo inasumbua wengi. Toa kidogo weka kwenye chupa ya kioo, ikiwa imegeuka rangi na inanuka kama rangi ya mafuta ya zamani, mwaga tenki lote, usidhani ukiongezea mpya juu yake itapona, gundi ya ile petroli ya zamani itaenda kuziba injekta na utarudi kulalamika.

Betri iliyokufa muda mrefu hivyo mara nyingi haishiki chaji tena, nzuri ikipumzika inasoma volti 12.6. Ukishafunga betri nzima, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili (zinazopeleka moto kwenye plagi), plagi zikiwa bado nje, funika matundu na kitambaa maana oili itaruka, piga starta sekunde 10 hivi, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izime. Hapo sasa rudisha kila kitu uwashe, toa gari nje kwanza au hata isukumwe, ule moshi ndani ya gereji unaua. Itafuka moshi wa bluu dakika chache, ni ile oili uliyoweka, usikanyage resi.

Na kabla hujaingiza gia kanyaga breki, pedeli ikizama mpaka chini hiyo gari haiendi popote.