Kugoma au kuingia darasani? Jibu kwa mwalimu wa Ruashi

Mwalimu mdogo wangu wa Ruashi, hapa Lubumbashi nchini Kongo, ameuliza hivi: sendika, yaani chama cha walimu, imetangaza mgomo tangu siku ya kufungua shule, direkta wa shule anatisha watu kwa barua za maelezo, zile za kumtaka mtu ajieleze kwa nini hakufundisha, na baadhi ya wenzake hawajawahi kuona mshahara wa serikali. Agome, au aingie darasani? Nafundisha shule ya msingi huku Katuba tangu enzi wazazi walipokuwa wakitulipa wenyewe. Jibu langu: goma, lakini usigome kabla mzazi hajaelewa sababu, na usigome kwa ajili ya mshahara wako peke yako.

Kuhusu vitisho sitakaa sana. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2006 kinatambua haki ya kugoma, kwa masharti yanayowekwa na sheria. Kwa hiyo hakikisha sendika imepeleka preavi, ile barua ya kuonya kabla ya mgomo, na uwe na nakala yake nyumbani. Barua ya maelezo ikija, ijibu kwa maandishi, kwa heshima, uambatanishe nakala hiyo. Usijibu kwa mdomo kwenye korido.

Jambo zito ni lingine. Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na hadithi za migomo ya migodini, tukadhani mgomo wa shule una nguvu ileile. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni Wabelgiji, walidai nyongeza kwa sababu vita vilikuwa vimepandisha bei ya maisha. Tarehe 9 askari wa kikoloni waliwafyatulia risasi wakiwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pale pamoja na makumi ya wenzake. Waliogopwa kiasi kile kwa sababu shaba ikisimama, pesa nayo inasimama. Halafu tazama mwaka 2003: Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, iliaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wetu tuna baba au mjomba katika hao. Wakati ule uzalishaji ulikuwa umeanguka vibaya, na mtu wa kutishwa na mgomo hakuwepo tena.

Mwalimu wa serikali yuko karibu zaidi na hao wa 2003. Nikifunga darasa langu leo, hakuna franka hata moja inayopungua Kinshasa. Anayeumia siku ileile ni mama muuza makaa ambaye mtoto wake amerudishwa saa mbili asubuhi, naye tayari ameenda sokoni kutafuta unga wa bukari, ugali wetu. Mama huyo akituona sisi ndio adui, mgomo umekwisha.

Hilo nililiona Oktoba 2021. Kinshasa, wanafunzi wa shule za Kikatoliki waliingia hadi Palais du Peuple, makao ya Bunge, wakiwa na sare zao, wakidai walimu wao walipwe. Nchi nzima ilizungumza. Mazungumzo ya Bibwa kati ya serikali na sendika yalifanyika mwaka huohuo. Hapa Katuba, shule yetu ilikuwa imewaita wazazi kabla ya kufunga. Delege wetu, mwakilishi wa sendika shuleni, alisoma hesabu hadharani: mshahara ni kiasi gani, mfuko wa unga ni kiasi gani, nyumba ni kiasi gani. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu anayejua vizuri maana ya kukaa bila mshahara, alisimama akasema wazazi wataandika barua yao wenyewe. Wakaandika, wakaipeleka. Shule nyingine, si mbali na sisi, iliweka kufuli tu. Wazazi wenye uwezo kidogo wakahamishia watoto shule za binafsi, na walimu waliporudi walikuta madawati matupu na manung'uniko.

Sasa hao wenzako wasiolipwa, tunaowaita NU, yaani nouvelles unités: walimu wanaofundisha bila kuwemo kwenye listi ya malipo ya serikali. Hapa ndipo ninaposhikwa na uchungu, na naomba unisome polepole. Zamani wazazi walikuwa wanalipa prime, posho ya walimu, na prime hiyo iligawanywa: mwenye matrikile, namba ya utumishi wa serikali, anapata, asiye nayo anapata. Katika shule nyingi za mjini ilizidi hata mshahara wa serikali. Septemba 2019 elimu ya msingi ikawa bure. Ni jambo jema, Katiba ilikuwa imeliahidi katika kifungu cha 43, na nimeona watoto wakubwa wakiketi darasani kwa mara ya kwanza. Lakini prime ilipoondoka shule ya msingi, NU alibaki mikono mitupu. Anaamka, anafundisha watoto wengi kuliko zamani, mwisho wa mwezi anatutazama tukienda benki.

Ndiyo maana kila mgomo unaodai nyongeza tu hupasuka katikati. Septemba 2024 kilio katika mikoa kadhaa kilikuwa dola 500. Nakubali kabisa kwamba mwalimu anastahili hizo. Ila mwambie NU agome ili wewe uongezewe, yeye abaki sifuri: kwa nini akufuate? Direkta akimnong'oneza kwamba watakaofundisha wataingizwa kwenye listi ya malipo, ataingia darasani, na mimi siwezi kumlaumu. Madai ya kwanza kwenye karatasi yawe ni NU kulipwa. Na yaende pamoja na dai la kusafisha listi, kwa sababu pesa huvujia humo. Mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu wakuu wawili wa sekta yetu kifungo cha miaka 20 kwa ubadhirifu wa pesa za mishahara. Kila jina hewa linalolipwa limekalia nafasi ya mtu anayeshika chaki kweli.

Jambo la mwisho ni namna ya kurudi kazini. Ahadi ni deni, na sisi watumishi wa serikali tunadai deni la tangu tarehe 12 Februari 2004. Siku hiyo yalitiwa saini makubaliano ya Mbudi kati ya serikali na sendika za watumishi, yenye ngazi ya mishahara kuanzia dola 208 kwa tarishi hadi 2,080 kwa katibu mkuu. Wengi waliokuwa kazini wakati ule wamestaafu sasa, na ngazi hiyo bado inatajwa kwenye mikutano. Kwa hiyo mkiambiwa makubaliano yamepatikana Kinshasa, msifungue milango kwa tangazo la redio. Delege alete karatasi yenyewe, isomwe mbele ya walimu na wazazi, mtazame kama ina tarehe ya malipo na idadi ya NU watakaoingizwa.

Mkutano wenu ukiitishwa, nenda na majina ya NU wote wa shule yako, na mwaka ambao kila mmoja alianza kufundisha. Mwachie mmoja wao asome.